Nusu Saa Mara Mbili kwa Siku



Katika mazungumzo yetu juu ya nchi jirani tumezoea kuzungumzia mipaka, reli, bandari na mikutano ya wakuu wa nchi. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la nyumbani tu, lakini ambalo lina historia ndefu ya sheria, mabishano na mikataba ya mataifa. Jambo lenyewe ni hili: mama amejifungua, likizo yake ya uzazi imekwisha, naye amerudi kazini hali mtoto wake angali ananyonya. Je, atapata wapi nafasi ya kumnyonyesha, au ya kukamua maziwa ya kumpelekea nyumbani?

Tunalizungumza jambo hili mbele ya askari wa jeshi na wa polisi kwa makusudi. Kabla ya kumaliza itaonekana wazi kwa nini linawahusu askari kuliko wafanyakazi wa ofisi na viwanda.

Kwanza hatuna budi kuelewa maumbile yenyewe. Titi la mama si mtungi unaojazwa asubuhi ukasubiri hadi jioni. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto anaponyonya, au mama anapokamua, mwili hupata habari kwamba maziwa yanahitajika, nao hutengeneza mengine. Yasipotolewa kwa saa nyingi, titi hujaa, likawa gumu na kuuma. Maziwa yaliyotuama huweza kuleta uvimbe na homa. Na siku zikipita katika hali hiyo, mwili huchukua kwamba mtoto amekwisha kuacha, na maziwa hupungua. Ndiyo maana mama aliye zamu kwa saa nane hawezi kujibiwa kwamba atanyonyesha akirudi nyumbani. Atakaporudi, huenda maziwa yenyewe yamekwisha kupungua.

Kukamua kwa mkono ni maarifa ya kale ambayo wakunga na wauguzi wanayafundisha. Pampu ya kukamulia nayo si chombo cha jana. Huko Marekani, Orwell Needham alipewa hati ya uvumbuzi wa chombo cha namna hiyo mwaka 1854, na mwaka 1956 Einar Egnell wa Sweden alitoa pampu ambayo ilitumiwa hospitalini kwa miaka mingi. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono iliyonawiwa, yakatiwa katika chombo safi chenye mfuniko, huweza kukaa saa nne mahali ambapo joto halizidi nyuzi 25, na siku nne ndani ya jokofu. Katika miji ya pwani joto la mchana huzidi kiasi hicho mara nyingi. Kwa hiyo jokofu, au hata sanduku la barafu, si anasa kwa mama huyu. Ni sehemu ya chakula cha mtoto.

Sasa tuitazame historia. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya kwanza, Shirika la Kazi la Kimataifa lilifanya mkutano wake wa kwanza mjini Washington. Miongoni mwa mikataba iliyopitishwa huko, mkataba wa tatu ulihusu ulinzi wa uzazi. Ulitamka kwamba mwanamke asifanye kazi kwa wiki sita baada ya kujifungua, na kwamba akiwa ananyonyesha aruhusiwe nusu saa mara mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwa ajili hiyo. Nusu saa mara mbili kwa siku: hayo ndiyo maneno ya mwaka 1919.

Hata hivyo, mkataba ule ulizungumzia viwanda na biashara. Haukugusa mashamba. Nchi zetu za Afrika Mashariki wakati huo zilikuwa chini ya wakoloni, na mwanamke wa Kiafrika alikuwa shambani, mtoto mgongoni. Katika hesabu za serikali za kikoloni, mfanyakazi wa mshahara alikuwa mwanamume aliyeacha mke na watoto kijijini. Hata kambi na nyumba za wafanyakazi nyingi zilijengwa kwa fikra hiyo. Mwaka 1952 mkataba mwingine, wa 103, ulipanua ulinzi huo hadi kwa wanawake wa mashambani, ukaweka likizo ya wiki 12, na kuagiza kwamba muda wa kunyonyesha uhesabiwe kuwa muda wa kazi. Mwaka 2000 ukaja mkataba wa 183, ulioweka wiki 14, na kurudia kwamba mapumziko ya kunyonyesha ni haki ya kila siku, yenye malipo.

Uhuru ulipopatikana, wanawake wa nchi zetu waliingia kwa wingi katika ofisi, hospitali, shule na viwanda. Kazi ikamtenganisha mama na mtoto kwa saa nyingi, na katika mwanya huo likaingia kopo la maziwa ya unga. Tangazo lilionyesha mtoto mnene anayecheka. Halikuonyesha maji ya kisima yasiyochemshwa, wala chuchu ya mpira iliyojaa inzi, wala mama anayezidisha maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi.

Jirani zetu wa Uganda waliuona msiba huo mapema. Katika Chuo cha Makerere na Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Profesa Derrick Jelliffe na wenzake walishughulikia watoto waliodhoofu kwa utapiamlo. Mwaka 1965 ilianzishwa pale Mulago sehemu ya kurejesha afya za watoto hao, ikaitwa Mwanamugimu. Jina hilo limetoka katika methali ya Kiganda inayosema kwamba mtoto mwenye siha hutokana na mbeleko anayobebewa, yaani hutokana na matunzo ya mama yake. Jelliffe aliendelea kuonya dunia kwamba biashara ya maziwa ya kopo inazaa utapiamlo wa namna yake. Mabishano hayo yalikua. Mwaka 1974 kilichapishwa Uingereza kijitabu kilichoyashutumu makampuni ya maziwa ya watoto, mwaka 1977 ukaanza Marekani mgomo wa kutonunua bidhaa za kampuni ya Nestlé, na mwezi Mei mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo. Nchi 118 zilikubali, tatu hazikupiga kura upande wowote, na moja tu, Marekani, ilikataa.

Lakini kanuni za mwaka 1981 zilimdhibiti muuzaji wa kopo. Hazikumpa mama muda wala chumba. Mama aliyefundishwa kliniki kwamba maziwa yake ni bora, kisha akarudishwa kazini asipewe hata dakika kumi, amepewa elimu akanyimwa njia ya kuitumia.

Tuitazame Kenya. Sheria ya Ajira ya huko ya mwaka 1976 ilimpa mwanamke miezi miwili ya likizo ya uzazi yenye malipo, lakini aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Ilikuwa kana kwamba kuzaa ni matembezi. Sharti hilo liliondolewa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyotoa miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Kisha ikaja Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Sheria hii imemtaka mwajiri aweke mahali maalumu pa kunyonyeshea na kukamulia maziwa, penye maji ya kunawia mikono, jokofu au chombo kingine cha kupozea, umeme wa kuendeshea pampu, meza ndogo na viti vya kukalia. Imeeleza pia kwamba mama anyonyeshaye apewe mapumziko mbali na saa ya chakula, yasiyozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi. Ukihesabu, saa moja hiyo ni ile ile nusu saa mara mbili ya mwaka 1919. Imechukua miaka 98 kufika.

Je, ilifika kweli? Tarehe 7 Agosti mwaka 2019, Mheshimiwa Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Kenya mjini Nairobi akiwa amembeba mtoto wake wa miezi mitano. Aliyekuwa akiongoza kikao alimwamuru atoke, kwa kuwa kanuni haziruhusu mgeni kuingia ukumbini. Wabunge wanawake kadhaa walitoka pamoja naye. Yeye mwenyewe alieleza kwamba siku ile alipatwa na dharura, na kwamba kama Bunge lingekuwa na mahali pa kuwaweka watoto angemwacha huko. Tuyatafakari mambo hayo. Bunge hilo ndilo lililopitisha Sheria ya Afya miaka miwili kabla. Na aliyetolewa nje si kibarua asiyejua haki yake, ni mtunga sheria. Ikiwa mtunga sheria alitolewa hivyo, hali ya mchuma chai au karani wa duka inaweza kukisiwa.

Takwimu za afya za Kenya nazo zina la kutueleza. Mwaka 2003, watoto wa chini ya miezi sita walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 13. Mwaka 2014 walifika asilimia 61. Hayo ni maendeleo makubwa, nayo yanawapa sifa wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini. Lakini mwaka 2022 walikuwa asilimia 60. Kwa maoni yetu, mafundisho ya kliniki yamekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yake, na sasa ni zamu ya waajiri kufanya yao.

Tukienda Rwanda tunakutana na historia ya namna nyingine. Sheria ya kazi ya mwaka 2009 ilimpa mama wiki 12, lakini mshahara kamili ulikuwa wa wiki sita tu. Aliyetaka kukaa wiki sita nyingine alipata asilimia 20 ya mshahara wake. Kwa maneno mengine, mwenye uwezo alibaki na mtoto, na asiye na uwezo alirudi kazini akiwa na kichanga cha wiki sita. Mwaka 2016 Serikali ya Rwanda ilitunga sheria ya mfuko wa uzazi. Mwajiri huchangia asilimia 0.3 ya mshahara, na mfanyakazi asilimia 0.3, na mfuko humlipa mama sehemu ile iliyokuwa ikikatwa. Mchango huo hutolewa na wote, wanaume kwa wanawake, mzee na kijana. Mwaka 2023 likizo yenyewe iliongezwa ikafika wiki 14. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Warwanda wamefanya gharama ya kumlea mwana ijulikane na wengi.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sheria ya kazi ya mwaka 2002 inatoa wiki 14 za likizo, na inataja mapumziko mawili ya nusu saa kila siku kwa mama anyonyeshaye. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, hutoa siku 60 za kazi, ambazo ni kama wiki 12 kwa anayefanya kazi siku tano kwa juma. Na hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hutoa siku 84 kwa mama aliyejifungua mtoto mmoja na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mmoja, na humruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Kwa muda wa kunyonyesha, sheria yetu inaishinda ile ya Kenya.

Sasa tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, yaani kama wiki 26. Siku 84 ni wiki 12. Mama akianza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, atarudi kazini mtoto akiwa na wiki nane. Zinabaki wiki 18. Katika wiki hizo 18, maziwa ya mama hayawezi kumfika mtoto ila kwa njia mbili: mama amfuate mtoto, au maziwa yamfuate mtoto. Sheria zote tulizozitaja ni majaribio ya kujenga daraja juu ya wiki hizo.

Hapo ndipo tunapofika kwa askari. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inatamka wazi kwamba haiwahusu walio katika utumishi wa Jeshi la Wananchi, Jeshi la Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo haikuviingiza vikosi vya ulinzi, polisi na magereza. Ile ya Uganda ya mwaka 2006 haikuwaingiza askari wa jeshi. Jambo hilo lina sababu zake, kwa kuwa jeshi huendeshwa kwa sheria na kanuni zake lenyewe, na askari si kibarua. Lakini maana yake ni kwamba sheria ya kazi husimama kwenye lango la kambi. Ndani ya lango, mama askari hutegemea kanuni za jeshi lake na uamuzi wa mkuu wake.

Zamani jambo hili lingeonekana dogo, kwa sababu wanawake katika majeshi walikuwa wachache na waliwekwa kando. Kenya ilianzisha kikosi cha pekee cha wanawake mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikavunjwa mwaka 1999 ili wanawake waingie katika vikosi vyote pamoja na wanaume. Fatuma Ahmed, aliyejiunga na jeshi katika enzi ya kikosi kile, alipandishwa kuwa Meja Jenerali mwaka 2018, na mwaka 2024 akakabidhiwa amri ya Jeshi la Anga la Kenya. Kule Uganda, Proscovia Nalweyiso, aliyepigana katika vita vya msituni vya miaka ya 1980, alifika cheo cha Brigedia mwaka 2011. Mwanamke katika magwanda si mgeni tena. Na mwanamke akiwa askari kwa miaka 20 au 30, ni jambo la kawaida kwamba katika miaka hiyo atazaa.

Wako watakaouliza: zamu itakuwaje? Lindo haliachwi wazi, na kaunta ya polisi haifungwi. Ni swali la haki, nalo lina jibu. Hakuna anayedai kwamba askari aache lindo bila kupokewa. Mkuu wa zamu hupanga watu wake kwa ajili ya chakula, maombi na ugonjwa, naye anaweza kupanga nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri kwa askari mmoja, kwa miezi michache. Anaweza kumweka katika kazi za kambini au kituoni, zilizo karibu na maji na mlango wa kufungwa, badala ya kumpeleka safari ya mbali au doria ya usiku kucha. Chumba chenyewe hakihitaji jengo jipya. Kinahitaji mlango wenye komeo, kiti, meza, maji na sabuni, na mahali pa ubaridi pa kuhifadhi chombo chenye jina la mwenyewe na saa aliyokamua. Chooni si mahali pake. Hakuna askari anayekubali chakula chake kiandaliwe chooni, na maziwa haya ni chakula cha mtu.

Tufikirie pia upande wa pili wa hesabu. Askari wa kike amefunzwa kwa fedha za wananchi. Ameijua silaha, ameijua sheria ya ushahidi, amezoea kuwahoji wanawake na watoto waliodhulumiwa, kazi ambayo mara nyingi humfaa yeye kuliko mwingine. Akiacha kazi kwa sababu hakupata nusu saa mbili kwa wiki 18, taifa limepoteza miaka ya mafunzo. Na akibaki kazini huku titi linauma na fikra ziko nyumbani kwa mtoto anayelia, macho yake hayapo lindoni, hata kama miguu yake ipo.

Historia ya nchi jirani inatuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba haki hii si mtindo mpya ulioletwa na vijana wa siku hizi. Imekwisha kutimiza zaidi ya miaka mia moja. La pili ni kwamba sheria peke yake haimlishi mtoto. Kenya ilikuwa na sheria iliyotaja hata meza na viti, na bado mbunge alitolewa ukumbini na mwanawe. Rwanda iliitoa haki kwa mkono mmoja na kuikata kwa mkono wa pili, hadi ilipoamua kuilipia. Anayeigeuza haki kuwa kitu cha kweli ni yule aliye karibu: msimamizi wa kiwanda, mkuu wa ofisi na, kwa ninyi mnaotusikiliza kambini na vituoni, afande anayeandika orodha ya zamu ya kesho.

Afande huyo ana uwezo ambao bunge halina. Sheria huchukua miaka kupita, nayo orodha ya zamu huandikwa jioni moja. Akiona katika orodha hiyo jina la askari aliyerudi juzi kutoka likizo ya uzazi, aandike mbele yake nusu saa mbili, aonyeshe chumba, na awaambie wenzake kwamba hiyo ni amri na si upendeleo.